Rangi ya Ukingo

Fundi hukagua kazi yake kwa kitambaa cheupe. Kipande cha plaiwudi kikitoka kwenye mashine haangalii uso wake. Hukigeuza ubavu, akaupitisha ukingo uliokatwa juu ya kitambaa mara moja tu, kisha akakisogeza kitambaa dirishani. Kukiwa na mstari mweusi, kipande kinakwenda kwenye ndoo. Kukiwa na kivuli hafifu cha hudhurungi, anachukua kalamu na kuanza kuandika.

Karakana yake ni chumba kimoja cha ghorofani, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Chini kuna maduka ya vitambaa na vyombo, na barabarani mabasi ya mwendokasi yanateremka kuelekea Gerezani. Mashine za leza zimezagaa mitaa hii: zinakata vibao vya majina ya ofisi, ngao za tuzo, mapambo ya keki, vishikio vya funguo vya timu, na kwa kuwa makao makuu ya Simba yako hapahapa Msimbazi, nyekundu haikosi soko. Kazi nyingi za aina hiyo ni za akriliki au MDF nyembamba, na nambari mbili tatu alizoziacha aliyeuza mashine huwa zinatosha. Oda iliyonipeleka kwa huyu fundi ni ya namna nyingine.

Ustadhi mmoja wa madrasa alitaka masanduku ya msahafu, zawadi kwa watoto waliohitimu. Sanduku ni la plaiwudi ya milimita 6, kuta zake zimeunganishwa kwa meno bila msumari, na kifuniko kimetobolewa nyota za pembe nane zilizopangwa safu kwa safu. Kuhusu nakshi hakuwa na neno. Sharti lake lilikuwa moja.

"Fundi, siku hiyo watoto watavaa kanzu nyeupe. Sanduku lisije likawachafua."

"Wala lisinuke moshi, ustadhi," fundi akaongeza mwenyewe. "Msahafu utalala humo ndani."

Ni sharti dogo kulisikia, na ni gumu kulitimiza, kwa sababu leza haikati mbao kwa makali. Haitoi unga wa msumeno wala maranda. Inaunguza. Mwale wa mashine hizi, unaotoka kwenye hewa ya kaboni dayoksaidi iliyochanganywa na naitrojeni na heli, una urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, na jicho la binadamu haliuoni. Mbao huufyonza karibu wote. Joto likifika nyuzi 300 hivi, nyuzinyuzi za mti huvunjika na kugeuka gesi, moshi na mkaa bila kupitia hali ya maji, na kwa kuwa mbao hupitisha joto kwa shida, uharibifu hubaki palepale penye mstari. Ndiyo maana mkato unaweza kuwa mwembamba kuliko wa misumeno mingi. Lakini mkaa lazima ubaki. Hakuna mpangilio wa mashine unaokata mbao kwa mwale huu na kuacha ukingo mweupe. Kinachowezekana ni kuupunguza mkaa hadi ubaki utando ulioshikamana na mbao, usiohamia kwenye kidole wala kwenye kanzu. Kati ya mkaa unaoshika na mkaa unaodondoka pana nafasi nyembamba, na kazi yote niliyoitazama ilikuwa ya kuitafuta nafasi hiyo.

Mwale wenyewe si kitu kigeni tena duniani. Kumar Patel, mzaliwa wa Baramati nchini India, aliupata mwaka 1964 akiwa Bell Labs, Marekani, miaka minne baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza kwa fuwele ya yakuti. Zaidi ya nusu karne baadaye tyubu ya kioo ya wati 80 inaletwa kutoka China ndani ya kreti, inapandishwa ngazi za Kariakoo mabegani mwa vijana wawili, na inafungwa. Kuanzia hapo watu husema mashine inafanya yenyewe. Nadhani wanaosema hivyo hawajakaa kuitazama ikifanya.

Kazi ilianza kwenye ubao, mashine ikiwa imezimwa. Fundi huyu alijifunza useremala Keko, kwenye vitanda na makabati, kabla hajagusa kompyuta, na mkono wake bado ni wa seremala. Plaiwudi aliyoletewa ilikuwa ya Mafinga, ya matabaka ya msonobari na mlingoti yaliyopishanishwa mkondo. Aliligonga kila shiti kwa kifundo cha kidole, kipande kwa kipande, akisikiliza. Palipotoa sauti nzito aliweka duara kwa penseli: hapo ndani kuna kifundo cha mti au kiraka kilichozibwa kwa gundi. Kisha alitazama ubavu wa shiti. Mstari wa gundi uliopauka ulimridhisha. Mashiti mawili yalikuwa na mistari ya gundi nyeusi, ile ya fenoli inayowekwa kwenye mbao za kuhimili maji, na aliyatenga. Gundi hiyo hupambana na mwale kuliko mti wenyewe, na ukiilazimisha ikatike, mbao za pembeni zinaungua wakati yenyewe ndiyo kwanza inaanza kupasuka.

Akapima unene. Shiti linauzwa kwa jina la milimita 6, lakini kalipa ilisoma 5.7 kwenye pembe moja, 5.6 katikati, na 5.8 upande wa pili. Aliandika zote tatu juu ya shiti lenyewe. Mashiti yaliyopita mtihani aliyalaza sakafuni, akaweka juu yake ubao mzito na ndoo za rangi, na akayaacha siku kadhaa. Dar es Salaam hewa yake imejaa maji, hasa masika, na mbao hunywa hewa hiyo kimyakimya. Mbao yenye maji huula mwale mara mbili: kwanza nguvu inatumika kuyageuza maji kuwa mvuke, ndipo iliyobaki inaunguza mti. Juu ya hayo, shiti lililonywa upande mmoja hupinda, na shiti lililopinda haliwezi kukaa kwenye fokasi mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kukata ilipofika, nilidhani tutaanza kukata. Aliwasha chila inayozungusha maji ya kupozea tyubu, akavuta kiti, akakaa mbele ya kipimajoto.

Kitabu cha mashine kinataka maji yawe na nyuzi 20 au karibu na hapo, kwa kuwa tyubu iliyopoa hutoa mwale wenye nguvu zaidi. Fundi ameyaweka nyuzi 26. Katika miezi ya joto, kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi kikikaa wazi ndani ya chumba hiki hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho hilo likiota kwenye kioo cha tyubu, pale ambapo waya unaleta umeme unaozidi volti 10,000, cheche itatafuta njia juu ya maji badala ya kupita ndani ya hewa ya tyubu, na tyubu inapasuka. Kwa hiyo amekubali kupoteza sehemu ndogo ya nguvu ili chombo kidumu. Hesabu hiyo haimo kwenye kitabu cha mashine, kwa kuwa kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya hewa ya Kariakoo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, hupapasa kioo kwa kitambaa kikavu. Kikitoka na unyevu, anasubiri.

Baada ya maji, vioo na lenzi. Mwale hutoka nyuma ya mashine, hugonga vioo vitatu, kisha huteremka kupitia lenzi ndogo ya zinki selenaidi, yenye rangi ya manjano inayokaribia chungwa. Aliifungua lenzi hiyo akiwa ameishika kingoni tu, akaipangusa kwa pamba iliyolowa spiriti, kwa mduara kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Utando wa lami ya moshi juu ya lenzi hufyonza mwale, lenzi inapata joto, fokasi inahama, na mwishowe lenzi inapasuka. Halafu alibandika tepu ya karatasi kwenye tundu la kichwa cha mashine, akapiga mwale wa kufumba na kufumbua, akatazama kidoa kilichoungua. Alikisogeza kichwa hadi kona ya mbali kabisa ya meza na kupiga tena juu ya kidoa kilekile. Vidoa viwili vilipishana kwa unene wa uzi. Kwa watu wengi hapo pangetosha. Yeye alilegeza skrubu ya kioo cha pili robo mzunguko, akarudia, akailegeza tena kidogo, akarudia, mpaka kidoa cha pili kilipotua ndani ya cha kwanza. Mwale uliopinda hufika kona ya mbali ukiwa dhaifu na umeinama, na sanduku lililokatwa kona hiyo lingekuwa na ukuta usiosimama wima.

Fokasi aliitafuta kwa ubao ulioinamishwa. Alichukua kipande kirefu, akakiinua upande mmoja kwa kabari, akachora mstari mmoja wa leza kutoka chini kwenda juu. Mstari ulianza mnene, ukapungua, ukawa mwembamba sana mahali fulani, ukanenepa tena. Penye wembamba zaidi ndipo penye fokasi, na kimo cha mahali hapo alikipima na kukikatia kipande cha akriliki anachokitumia kupimia umbali wa kichwa na ubao. Kwa mbao ya milimita 6 hakiweki kitovu cha fokasi juu ya uso. Anakizamisha kama milimita 2 ndani, ili mwale uwe umebana katikati ya safari yake, na kuta za mkato zisiachane sana juu na chini. Kwa sanduku la meno jambo hilo ni kubwa: jino lenye ubavu ulioinama hugusana na mwenzake kwenye mstari mmoja tu, na gundi haina pa kushika.

Ndipo tukafika kwenye pawa na spidi, ambazo wengine huanza nazo.

Alichora miraba 35 midogo katika safu. Kushuka chini, spidi inaongezeka: milimita 8 kwa sekunde, 10, 12, hadi 20. Kwenda kulia, pawa inaongezeka: asilimia 50, 55, 60, 65, 70. Kila mraba umeandikwa nambari zake kwa mwale mwepesi ili usipotee ukidondoka. Mashine ilikata yote kwa mfululizo, na alipoliinua shiti, baadhi ya miraba ilibaki mezani na mingine iling'ang'ania. Ukitazama ubao uliobaki na matundu yake, unaona ngazi imejichora yenyewe: kwa asilimia 60 miraba ilidondoka hadi spidi 12, kwa 65 hadi 14, kwa 70 hadi 16. Juu ya ngazi kuna mkato, chini yake hakuna.

Aliikusanya miraba iliyodondoka, akaipanga kwenye kitambaa cheupe kwa utaratibu uleule iliokatwa, na akaanza kupangusa ukingo mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nilipoona anachokitafuta. Ile ya spidi ndogo ilikuwa myeusi na ya kudondosha unga. Iliyo karibu na ngazi ilikuwa na rangi ya kahawa. Lakini kati ya miraba ya kahawa yenyewe kulikuwa na tofauti ambayo nisingeiona bila kitambaa. Hesabu inasema wati 40 kwa spidi ya 10 na wati 60 kwa spidi ya 15 huipa kila milimita ya mbao jouli 4 zilezile. Mbao haikubali kuwa ni sawasawa. Mwale unaotembea polepole hutoa nafasi kwa joto kuenea ubavuni kabla mkato haujaisha, na joto lililoenea ubavuni halikati kitu, linapika tu na kuacha mkaa. Mwale wenye nguvu na haraka hupita kabla ubavu haujajua. Kwa hiyo alihama kwenda kulia mwa jedwali, penye pawa kubwa na spidi kubwa.

Kwa nini basi asiende hadi asilimia 100? Nilimuuliza, naye akanionyesha sindano ya miliampea pembeni mwa mashine. Asilimia ni nambari ya kwenye kioo cha kompyuta tu. Mkondo unaopita kwenye tyubu ndio wenye ukweli, na mkondo mkubwa huzeesha hewa iliyo ndani. Tyubu ya mwaka mmoja haitoi mwale wa tyubu mpya kwa asilimia ileile, na umeme wa mtaani ukishuka mchana wenye joto, stebilaiza nayo ina mwisho wake. Kwa kazi hii hakuvuka 70.

Spidi aliyoichagua ni 14. Haikuwa 16, ambayo ndiyo ya ukingoni mwa ngazi na ndiyo iliyotoa rangi nzuri kuliko zote. Nambari ya ukingoni hufanya kazi kwenye mraba wa majaribio, juu ya mbao safi, katikati ya meza. Masanduku yatakatwa kwenye shiti zima, lenye sehemu za milimita 5.8, viraka vya gundi vilivyojificha na kona ya mbali. Kile kipimo kimoja alichorudi nyuma ndicho akiba yake, na kwa maoni yangu ndicho kilichoonyesha ustadi wake kuliko kingine chochote siku hiyo. Kisha akakata miraba mitatu zaidi kwa 70 na 14 kwenye kona ya mbali. Ilidondoka.

Alijaribu pia kupita mara mbili kwa spidi ya juu, njia ambayo wengi wanaisifu. Ukingo ulitoka vizuri, lakini mwale wa pili ulikuta masizi ya wa kwanza mdomoni mwa mkato na kuyapika upya. Aliachana nayo bila maneno.

Yaliyobaki ni upepo na meza. Pampu ndogo iliyokuja na mashine aliibadilisha kwa kompresa yenye tangi, na kati ya tangi na kichwa ameweka kichujio cha maji na mafuta, kwa sababu hewa ya Pwani ikibanwa hutoa matone, na tone moja juu ya lenzi ya moto linatosha kuiua. Upepo huo huingia pamoja na mwale ndani ya mkato, ukisukuma moshi chini na kuuzima mwali kabla haujashika. Akaifungua koki kidogo kidogo huku akitazama ulimi mdogo wa moto wa njano chini ya kichwa, mpaka ulimi ukalala, ukafa. Meza ya sega iliyokuja na mashine ameiweka pembeni: bati lake hurudisha mwale na kuacha madoa ya kuungua chini ya ubao. Badala yake amegongea misumari kwenye ubao mwingine, ncha zikitazama juu, na plaiwudi inakaa juu ya ncha hizo. Kabla ya kila kazi kijana wake huilinganisha misumari na mchoro na kuing'oa ile inayoangukia kwenye mstari. Upande wa chini wa shiti, moshi unakovutwa na feni, wanabandika tepu ya karatasi.

Nikadhani tumemaliza. Zilibaki nyota.

Nyota moja ya pembe nane ina kona 16, nane za nje na nane za ndani. Kifuniko kina nyota 15, yaani kona 240. Kichwa cha mashine ni chuma, na chuma hakigeuki ghafla. Kikifika kona hupunguza mwendo, kikasimama, kikaanza upya. Ikiwa mwale unabaki na nguvu ileile wakati mwendo umepungua, kila ncha ya nyota inapikwa. Nyota ya kwanza ilitoka na nukta nyeusi kwenye ncha zote, na kitambaa kilizichapa moja moja, nukta 16 katika duara. Programu ya mashine inaruhusu kuweka pawa ya juu kwa mwendo kamili na pawa ya chini kwa mwendo uliopungua. Aliishusha ya chini kutoka 60 hadi 40: nukta zikaisha, lakini ncha hazikukatika na nyota ikabaki imening'inia. Akapanda 50: ncha mbili zilishika. Akapanda 54: zote zilikatika, na nukta moja ikarudi. Akashuka 52, na kati ya majaribio hayo yote hakugusa kitu kingine chochote, si spidi, si upepo, si fokasi. Kijana alipopendekeza waongeze na spidi kidogo kwa pamoja ili wamalize, fundi alimjibu kwa upole: "Tukibadilisha viwili, kikitoka kizuri tutamshukuru nani?"

Kwa 52, kitambaa kilitoka na nyota ya hudhurungi isiyo na nukta.

Zikafuata hesabu za meno. Mwale huacha njia, na njia ina upana. Usipouhesabu, kila jino linatoka limepungua na kila pengo limepanuka, na sanduku linachezacheza. Kuupima upana huo kwa kalipa moja kwa moja ni kujidanganya, kwa kuwa ni mdogo mno. Alichora kisanduku cha milimita 100 kilichogawanywa vipande 10, akakikata, akavisukuma vipande vyote upande mmoja na kupima pengo lililojitokeza mwishoni: milimita 2.2. Mistari iliyokatwa ni 11. Kwa hiyo kila mstari umekula 0.2. Nusu yake, 0.1, ndiyo anayoiongeza kuzunguka kila kipande kwenye mchoro, ili mwale upite nje ya mstari na kuacha kipimo kamili. Halafu, kwa kuwa seremala hutaka meno yanayoingia kwa kugongwa kidogo, alikata jozi tatu za meno, za 0.08, 0.10 na 0.12. Ya kwanza iliingia kwa mkono na kutoka kwa mkono. Ya tatu ilipasua tabaka la juu. Ya kati iliingia kwa ngumi mbili za upole, na alipolishika jino moja na kuliinua, mwenzake alikuja naye.

Nambari hizi zote zimeandikwa kwenye kaunta buku nene lililojaa masizi: tarehe, mbao, unene, joto la maji, miliampea, pawa mbili, spidi, fokasi, upepo, na safu ya mwisho inayosema "rangi". Mkabala na kila ukurasa amebandika kipande chenyewe kwa gundi. Ukilifungua unaweza kuona MDF inavyotoa ukingo mweusi wenye kung'aa kwa sababu ya gundi yake, msonobari unavyobadilika rangi kati ya pete laini na pete ngumu, na mninga unavyokwenda taratibu. Mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, una ukurasa mmoja wenye maandishi machache: anauchora, haukati. Wakati tukilitazama, jirani mwenye mashine ya aina hiyohiyo alichungulia mlangoni.

"Kaka, nisaidie nambari za milimita sita."

Fundi alimpa zote bila kuficha hata moja, akamwongezea mabaki mawili ya plaiwudi. "Lakini tyubu yako ina umri wake," alimwambia. "Anzia hapo, kisha uiulize mbao yako."

Kazi yenyewe, baada ya hayo yote, ilikwenda bila kelele. Mashine ilikata nyota kwanza na mzunguko wa nje mwisho, kwani kipande kikishadondoka hakikai tena pale kilipokuwa. Muda wote huo mashine haikuachwa peke yake. Palikuwa na mtungi wa kuzimia moto mlangoni na ndoo ya mchanga chini ya meza, na kijana aliposikia anaitwa chini, alimwomba kwanza fundi aje asimame mahali pake. Kariakoo inaujua moto: usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliwaka katika jengo la soko kuu, lile alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Mbao chini ya mwale huwa nusu hatua tu kutoka kwenye mwali.

Vifuniko vitatu vilikataa kutoka. Viraka vilivyojificha havikusikika kwenye kifundo cha kidole. Angeweza kuvirudisha chini ya mwale mara ya pili, na vingekatika, lakini kingo zake zingekuwa nyeusi na njia ingepanuka. Alivipeleka kwenye benchi, akapenyeza msumeno wa waya mwembamba, akakata kwa mkono ile nusu milimita iliyobaki, akapitisha msasa laini. Baada ya vanishi sikuweza kuvitambua kati ya vingine.

Masanduku yalikaa wazi siku mbili mbele ya feni hadi harufu ikaisha. Ustadhi alipokuja kuyachukua alifungua moja, akainama, akanusa ndani. Kisha akapitisha kidole kwenye ncha za nyota, moja baada ya nyingine, na akakitazama kidole.

"Mashaallah, fundi. Sasa tunataka moja la mninga, la sheikh wetu."

"Inawezekana, ustadhi. Ila mbao niletee wiki mbili kabla, ikae humu ndani izoee hewa. Na kwenye ubao huohuo uniongezee kipande cha kuharibu."